Ulimi wa Bi Rehani

Paka husalimiana kwa kulambana, na anayebisha akawaulize wenyewe. Bi Rehani, paka mwenye wasiwasi kuliko wote, alimkumbatia mwanawe wa pekee huku akimfukuza Kimbaumbau aliyekonda.

"Toka, mgonjwa wee! Utamwambukiza mwanangu!"

"Niliugua, dada, lakini damu yangu ilipigana na ugonjwa ikaushinda. Aliye nao sasa ni Shume Manono. Kanenepa, manyoya yanang'aa, ila ugonjwa umejificha kwenye mate yake."

"Mwongo! Manono hajapiga hata chafya!"

"Umejuaje?"

"Si ndiye mume wangu! Kila asubuhi hunilamba uso."

Kimbaumbau akamtazama kwa huruma.

Mtoto akainua kichwa. "Mama, nilambe."

Bi Rehani alikuwa ameshautoa ulimi. Ukabaki nje, na hakuthubutu kumgusa mwanawe nao.