Majivu ya Ngozi

Kuni zilipomwishia, Kidawa alikoleza moto kwa vipande vya ngozi ambavyo mumewe, Sefu, aliviokota kwenye kiwanda cha ngozi alikofanya kazi, ili ashonee viatu. Maharage yalikataa kulainika. Akachota majivu ya jikoni, akayachuja kwa maji kama alivyozoea, na maji yakatoka na rangi ya manjano ya kung'aa. Akayamimina chunguni.

Sefu aliporudi aliyaona maji yaliyobaki kwenye bakuli, akasahau hata kusalimia.

"Mama Tunu, haya maji umeyatoa wapi?"

"Ni ya majivu. Nilichoma zile ngozi zako, usikasirike."

Sefu hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Kidawa.

"Ngozi zile zina kromiamu, dawa ya kiwandani ya kuzuia ngozi isioze," alisema kwa sauti ya chini. "Ikiwa ya kijani haina madhara makubwa. Ikiungua na kuchanganyika na majivu inageuka ya manjano, na hiyo ni sumu. Kiwandani hakuna anayethubutu kuzichoma."

Kidawa alifunua chungu. Maharage yalikuwa yamebaki nusu.

Uani, mama mkwe wake alimlisha Tunu kijiko cha mwisho, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, kisha akaita: "Mwanangu, leo yameiva vizuri. Mtoto anataka mengine."