Barua ya Mtani

"Muuaji wangu huyo anapita."

Bi Stamili alikuwa hajatua hata kikapu chake. Soko la Newala likageuka, wauza muhogo wakaangua kicheko, na Fortunatus, kama ilivyo ada, akajibu kwamba angekuwa muuaji kweli angeanza na bibi kizee mmoja mwenye mdomo kama ngoma ya unyago. Wakacheka tena. Ukoo wake na ukoo wa Bi Stamili ni watani tangu mababu, na mtani hana breki.

Hata msibani hana. Mwaka juzi, mjukuu wa Bi Stamili aitwaye Shamila, mtoto wa miaka minne, alipokufa kwa malaria, Fortunatus ndiye aliyeifanya kazi ya mtani. Alilikalia jeneza pale uani, akakunja nne, akatangaza kuwa yeye ndiye aliyemuua mtoto na hashuki mpaka apewe jogoo wake. Wafiwa waliokuwa wakilia wakajikuta wameshika mbavu. Jogoo akatolewa. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Sasa jina hilo lilimkosesha raha. Enzi hizo za ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia: mitumba, redio za betri, maduka ya dawa ya watu binafsi, na mashirika ya Wazungu. Shirika moja lilitafuta mtu mmoja tu kutoka Masasi na Newala, aende Ulaya kujitolea mwaka mzima kwenye hospitali ya watoto. Fortunatus alikuwa mtunza dawa wa zahanati ya kijijini kwao. Watu walimpenda: mpole, shati limenyooka, viatu vya dukani wakati wenzake wanagombea vya mitumba. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na nne, na fomu ilisema mwisho thelathini na tano. Akikosa safari hii, ndiyo basi tena, atazeekea kwenye lile dirisha akiwaambia watu dawa zimekwisha.

Fomu aliijaza yote kwa mwandiko wa kupendeza. Kilichomkata maini ni kipengele cha mwisho. Walitaka barua ya mwanamke wa kijijini aliyewahi kuhudumiwa naye, asiwe ndugu yake, barua ifungwe kwa gundi, na mwombaji asiione. Kijiji kizima, wanawake wa kuandika barua ikaeleweka walikuwa watatu. Mmoja shangazi yake. Wa pili alishahamia kwa mwanawe Mtwara. Wa tatu ndiye huyo mtani wake.

Mkono mtupu haulambwi. Fortunatus akafunga madumu mawili ya maji kwenye baiskeli, maana Newala ukimpelekea mtu maji umempelekea nyama, akayasukuma mpaka kwa Bi Stamili. Alimkuta anaanika makopa ya muhogo.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, muuaji. Leo unakwenda kumzamisha nani na maji yote hayo?"

Fortunatus hakucheka. Alichuchumaa, akamweleza habari ya fomu, akamweleza kuwa Wazungu hawajui utani, wakisoma matusi watayaamini kama Injili, na safari itakuwa imekufa.

"Mtani wangu, mara hii moja tu. Niandikie bila kutania hata neno."

Bi Stamili alikung'uta mikono.

"Hata neno?"

"Hata neno."

"Haya. Kwa roho ya Shamila, sitatania."

Barua ikaenda. Wiki tatu nzima Fortunatus alitembea roho mkononi. Kibaya zaidi, sokoni Bi Stamili hakumwita tena. Alimpita kama mgeni aliyeshuka jana na lori, na kimya cha mtani, we acha tu, kinatisha kuliko mdomo wake.

Siku ya usaili walikaa sita kwenye benchi, nje ya ukumbi mmoja wa kanisa pale Masasi. Ndani kulikuwa na Mzungu mwanamke mwenye daftari, na Mzee Isaka, mwalimu mstaafu, mtu wa hukuhuku, ndiye mkalimani. Watano waliingia na kutoka upesi. Barua zao zote zilisema mpole, mwaminifu, mcha Mungu.

Ilipofika zamu ya Fortunatus, Mzee Isaka alifungua bahasha, akasoma kimoyomoyo, akavua miwani, akacheka mpaka akapiga meza. Mzungu akataka na yeye asomewe. Mzee Isaka akaisoma kwa sauti, akifasiri mstari kwa mstari:

"Fortunatus ni muuaji. Mjukuu wangu Shamila alimuua yeye. Nilikwenda dirishani akaniambia dawa zimekwisha. Jioni ileile akazitoa kwa mlango wa nyuma, maboksi mawili, akayafunika kwa gunia la korosho kwenye baiskeli, akampelekea mwenye duka. Mwenyewe alikiri mbele ya kijiji, amekalia jeneza la mtoto, tena akala jogoo wangu. Ameniomba nisitanie, na sikutania."

Fortunatus alinyoosha kola ya shati lake.

"Huyu ni mtani wako?" Mzee Isaka akauliza, anafuta machozi.

"Ni mtani wangu, mwalimu."

Mzee akamgeukia Mzungu, akamfundisha utani taratibu, kama anayefundisha darasa la kwanza: kwamba kwetu anayekutukana hadi msibani ndiye anayekupenda, na kwamba sifa za uongo huandikiwa kila mtu, lakini barua kama hii haandikiwi mtu asiyeaminiwa. Mzungu alisikiliza, akacheka na yeye, akaandika sana. Mwisho akafunga daftari, akasema hana haja ya kutafuta zaidi. Watoto wagonjwa, alisema, wanahitaji mtu wa namna hii hasa.

Wakamshika mkono, wakacheka tena. Fortunatus alicheka nao, kwa sauti kuliko wote, huku akijiuliza ni nani aliyesimama nyuma ya zahanati jioni ile akayahesabu yale maboksi.