Maji ya Kusuuzia

Utando wa plastiki ulipotiwa dawa ya kupimia ukageuka rangi ya waridi, maabara nzima ilipiga makofi. Kimeng'enya ambacho mtafiti alikuwa amekinatisha juu yake kilikuwa kinavunja taka za damu.

“Umetutoa kimasomaso, mwanangu,” alisema baba yake, mgonjwa wa figo, mkono umevimba kwa sindano za kusafishia damu. “Basi kesho mimi ndiye wa kwanza kuunganishwa na utando huu, au siyo?”

Mkononi mtafiti alishika bilauri ya maji aliyosuuzia utando huo, ameyatia dawa ileile ya kupimia. Kimeng'enya kikishika barabara, maji hubaki ya manjano, rangi ya dawa. Haya yalikuwa yanageuka rangi ya waridi, taratibu. Kimeng'enya kilikuwa kinabanduka, na kesho kingebandukia kwenye mishipa ya baba.

Aliitua bilauri mezani, kila mtu aione.

“Baba,” alisema, “waambie waache makofi.”