Maji ya Watu Wawili

Siku hizi kila nyumba ina mtambo wa kuchuja maji. Maji safi hunywewa. Machafu yanayobaki, ndoo moja tu, huogewa na kufuliwa, kisha humwagwa kwenye bomba la mtaa. Bomba huonja jasho, likajua nani anaishi wapi. Nyumba ya mtu mmoja hupewa familia kubwa, naye hupelekwa bwenini.

Tangu amzike mama yake, Bi Mwanakombo, kimyakimya huko shamba, Saumu hufua kanga za marehemu, moja kila siku, ili bomba lisigundue.

"We Saumu, mbona mama hatumwoni?" jirani yake, Mama Tatu, aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta. "Au umemweka ndani kama mwali?"

"Amepumzika," Saumu alijibu, akainama.

Leo ilibaki kanga moja, aliyojifunika mama siku ya mwisho. Jasho lake lilikuwa limefifia, basi Saumu aliiloweka kwa ndoo nzima, yeye asioge, ili jasho lake mwenyewe lisilifunike la mama. Akamwaga. Bomba likaonja, likasema kwa upole:

"Bi Mwanakombo, pole kwa kubaki peke yako. Saumu alihama lini?"

Saumu alifungua mdomo, asijue ajibu kama nani.