Soksi za Bi Hester

Kengele ya mwisho ilikuwa imeshalia, lakini Alf alikuwa ameudaka mpira kabla, na kwa sheria yao alibakiwa na teke moja. Mpira ule wa umbo la yai ukipita kati ya nguzo, mji aliozaliwa ungeshindwa kwa mguu wake.

"Msaliti!" wanawake walimzomea kwenye uzio, wakimtikisia miavuli. "Umetukimbia kwa kazi ya kiwanda ng'ambo ya mto! Hata soksi hawakukupa!"

Kweli, miguu yake ilikuwa mitupu kwenye baridi ile. Katika miji hiyo mama ndiye humfumia mwanawe soksi za timu, na siku Alf alipohama, mama yake, Bi Hester, alizifumua zake zote, akafumia uzi ule ule mwekundu soksi za Perce, mdogo wake Alf, aliyeshika nafasi yake kikosini. Sasa Perce alikuwa amesimama mbele yake, kazipandisha hadi magotini.

"Zina joto hizi, kaka," Perce alimcheka. "Mama anakusalimu."

Alf aliuweka mpira sawa mkononi. Nyuma ya nguzo alimwona mama yake juu ya kigoda chake cha siku zote, kapu la nyuzi kando yake.

"Ukiupitisha huo," Bi Hester alipaza sauti, "usinibishie hodi tena!"

Alf akakimbia hatua tatu, akaupiga.

Uwanja mzima uliinua macho kuufuata mpira. Bi Hester peke yake aliinamisha yake, akaitazama miguu ile iliyobadilika rangi kwa baridi, huku mkono wake ukipapasa kapuni kutafuta ncha ya uzi.