Kovu la Mkono wa Kushoto

Salha alifariki alfajiri baada ya kujifungua, damu ikikataa kukatika. Bi Kidawa, mama mkwe wake, ndiye aliyekuwa akimwosha. Alimaliza upande wa kulia, akageukia wa kushoto. Hapo, juu ya kiwiko, palikuwa na kovu jembamba kama uzi.

Alilijua. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alimpeleka Salha zahanati akatolewe kijiti cha uzazi wa mpango. Nesi aliwaonya kwamba mimba ya nne nusura imuue.

"Wasichana wanne!" Bi Kidawa alimjibu. "Mwanangu afe bila wa kumrithi jina?"

Salha alikunja mkono wa gauni.

Sasa Bi Kidawa alimimina maji juu ya kovu, akasugua taratibu, akamimina tena.

"Mara tatu zimeshatimia, dada," mwosha mwenzake alimwambia kwa upole.

Akamimina ya nne. Ya tano.

Mlango ukabishwa. "Bibi, mjukuu wako analia. Dume zima, hanyamazi. Tumpe nini?"

Bi Kidawa alilifunika kovu kwa kiganja, akalikandamiza kwa nguvu, kama mtu anayezuia damu.