Epo la Wageni

Ekaristia alifungua kabati la vioo kutoa vikombe vya chai, na harufu ya tunda lililochacha ikamlaki.

Epo lilikuwa palepale, juu ya kitambaa cha kufuma. Mumewe alilileta kutoka Dar, ambako vitu vya nje vilijaa madukani tangu biashara huria iliporuhusiwa. Ganda lake jekundu lilikuwa limenywea.

Juma zima, kabla hajapelekwa hospitali ya Peramiho, mama mkwe aliliomba kutoka kitandani, chakula kingine kikimshinda. "Nikatie hata kipande, mwanangu."

"Wageni wakija, mama, tutakula wote."

Sasa alilibonyeza. Kidole kikazama hadi kwenye mbegu.

"Ekaristia!" jirani aliita kutoka uani. "Mwili umeshatoka Peramiho. Leta vikombe, wageni wamejaa."